Taa ya Kioo cha Kushoto

Mwalimu Kadzo alifika yadi na kiinua mgongo chake
ndani ya bahasha ya shule, na ujumbe wa mwanawe aliye Doha:
*Mama, nunua linalohama leni lenyewe.*
Nikamwambia, gari halinunuliwi kwa barua. Panda.

Jumapili, saa moja asubuhi, barabara ya Dongo Kundu,
mistari bado myeupe kama meno ya mtoto.

Gari la kwanza lapiga kelele tu.
Kanyaga mstari bila ishara: pi, pi, pi,
kama wifi aliyekukuta wachungulia chungu.
Mkono halikupi. Limeshasema; yaliyobaki ni yako.

La pili halisemi. Lavuta.
Hilo nilimwachia aendeshe mwenyewe.
Usukani ukamgeukia viganjani, kidogo,
kama mtu akushikaye kiwiko kwenye ngazi za giza.
"Nani huyo?"
Kamera, nikasema, nyuma ya kioo cha mbele.
"Ana nguvu."
Ukikaza, lakuachia. Lajua mwenye gari ni nani,
kwa sasa.

La tatu ndilo la mwanawe.
Niligusa ishara, mikono nikaiweka karibu, bila kukaza.
Likapeleleza nyuma kwa rada zake,
likangoja lori la simiti lipite,
likahama. Taratibu,
kama maji ndani ya beseni ukiliinamisha.
Kisha likazima ishara lenyewe.
Miaka kumi na tisa naendesha mji huu, sijamwona dereva
azimaye ishara bila kukumbushwa na abiria.

Mwalimu hakucheka.

Tulirudi kwa njia ya Changamwe.
Huko malori ya kontena yameila rangi yote.
Picha ya barabara kwenye dashibodi ikawa kijivu, ikatoweka,
gari likalia mara moja, likanirudishia usukani
kama mgeni arudishaye mtoto aliyeanza kulia.
Mbele, mkokoteni wa madumu ya maji, upande usio wake.
Mwenyewe akanitazama, akainua kidevu.
Nikapita.
Sijui kamera ingekisoma vipi kidevu kile.

Ndipo akauliza:
"Lile la kwanza, la bei nafuu,
ile taa ndogo ya manjano kwenye kioo cha kushoto
yafanya nini?"
Yawaka mtu akiwa pale usipomwona.
"Pale hasa?"
Akaelekeza kidole nyuma ya bega lake bila kugeuka,
kama ajuaye kiberiti kilipo stima ikipotea.

"Chengo alikuwa pale.
Na baiskeli, na mikate kumi na miwili ya duka letu, Jomvu.
Mwenye lori alisema mahakamani, Sikumwona.
Watu wakaguna. Mimi nilimwamini.
Mwaka wa nane huu namwamini,
na kumwamini hakujanisaidia kitu."

Swabra mwenye yadi angenifuta kazi kwa nilichosema baadaye:
Mwalimu, taa ile ilitengenezewa magari.
Pikipiki yaiona.
Baiskeli, mara yaiona, mara haiioni.

Akanyamaza, mkoba mapajani,
kiyoyozi kikitutolea harufu ya nyumba ya mtu
tusiyemjua, wa ng'ambo, aliyevuta sigara.

Tulipofika aliteremka, akaliendea lile la kwanza,
akakaa, akashika usukani.
Akaitazama taa ile, imezima.
Kisha akageuza shingo mpaka mshipa ukasimama:
bega, dirisha, pembe, ukuta wa yadi,
paka aliyelala kwenye kivuli cha gurudumu la nyuma,
ambaye hata mimi sikuwa nimemwona.

"Basi," akasema, "yenyewe itazame,
na mimi nitazame."

Akaanza kufungua bahasha.
Nikamwambia, ngoja kwanza nimtoe paka.